Kasuku Aliyepitia Mikono ya Wengine: Namna ya Kuishi Naye Nyumbani

Mgeni akiingia kwetu, kabla hajapewa hata maji, huuliza: "Anaongea?" Naam, anaongea. Shaibu, kasuku wetu, hubisha hodi wakati mlangoni hapana mtu, na huiga mlio wa simu ya zamani ambayo sisi hatujawahi kuwa nayo. Usiku wake wa kwanza hapa alikohoa kikohozi kizito cha mzee mpaka nikakosa usingizi. Asubuhi nilimkimbiza kwa daktari wa mifugo. Daktari akamsikiliza kifua, akamfungua mdomo, akachungua kinyesi kwenye gazeti nililobeba, kisha akacheka. "Mama, huyu haumwi. Anamwiga aliyekuwa akimfuga." Kweli, mwenyewe wa kwanza alikuwa babu aliyefariki kwa maradhi ya kifua, na watoto wake hawakujua wamfanyeje ndege.

Tangu siku hiyo nimeacha kuyategemea maneno ya kasuku. Maneno yatakueleza alikotoka. Alivyo leo yataka uangalie uzito, kinyesi na manyoya. Hatua zifuatazo ni za kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, maana ndio tulio nao, Shaibu na Kidawa. (Jina la Kidawa tulibahatisha. Dume na jike wa kasuku hawa wanafanana, na bila kupima vinasaba vya damu au unyoya hujui. Huenda siku moja tukagundua tulikuwa tunamwita Mwinyi "bibi".)

Hatua ya kwanza: sheria kabla ya tundu

Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu ya mvua: Kongo, Kamerun, Uganda, na mabaki machache magharibi mwa Kenya na kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Ukimwona Mombasa au Dar es Salaam, jua kuna mkono uliomleta. Oktoba 2016, kwenye mkutano wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini) huko Johannesburg, nchi zilikubaliana kumhamishia kwenye orodha ya kwanza ya mkataba huo, ambayo hairuhusu biashara ya kimataifa ya ndege waliotoka porini. Hapa Kenya, kukaa na mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Kwa hiyo ukipewa kasuku na jirani anayehama, au ukiachiwa kama urithi, nenda ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, iliyo karibu nawe. Tanzania Bara utaanza na mamlaka ya wanyamapori, TAWA, na Uganda utaanza na ya kwao, UWA. Beba picha, maelezo ya alikotoka, na namba ya pete ikiwa anayo mguuni. Wakisema ndege apelekwe kituo cha wanyama, mpeleke.

Tazama pia macho yake. Kinda huwa na macho meusi au ya kijivu, na mtu mzima huwa na macho ya njano. Ukiletewa ndege mwenye macho meusi, hana pete, na mletaji anababaika kuhusu alikompata, hapo hakuna uokoaji. Hiyo ni biashara.

Nami nasema wazi, ingawa najua baadhi watakasirika: kumnunua kasuku kwa mchuuzi kwa kumwonea huruma hakumwokoi kasuku yeyote. Pesa uliyotoa ndiyo itakayolipia mtego wa mwingine, na wengi wa hao wanaonaswa hufa njiani kabla hawajafika sokoni. Ukimwona anauzwa, ripoti.

Wala usimfungulie dirisha ukadhani umemfanyia hisani. Kasuku aliyelishwa kwa mkono miaka 15 hajui kutafuta chakula wala kumkwepa mwewe, na huenda akawapelekea wenzake wa msituni maradhi. Tena ndege asiye wa mahali huleta mambo yake. Vikasuku vidogo vya kijani unavyoviona Naivasha asili yao ni Tanzania. Vilitoka vizimbani, vikazaliana, na aina mbili zimechanganyika kiasi kwamba huwezi tena kuzitenganisha.

Hatua ya pili: tundu, na mazungumzo na fundi

Matundu mengi yanayouzwa ni ya kasuku wadogo. Huyu wa kijivu ana urefu wa sentimita 33 hivi, na akikunjua mabawa anataka nafasi. Sisi tulimpa fundi wa vyuma vipimo hivi: upana sentimita 90, kina 60, kimo 120. Nafasi kati ya fito ni sentimita 2 hadi 2.5. Zikizidi hapo kichwa kitapita, na kikipita hakirudi.

Fundi wetu alitaka kutumia wavu wa kuku. Nikamkatalia, akaona najidai. Wavu ule umepakwa zinki, na kasuku hupanda kwa mdomo, hutafuna, hulamba. Zinki ikimwingia kidogo kidogo inamtia sumu. Rangi ya zamani yenye risasi ni hivyo hivyo. Chuma kisichoshika kutu ndicho bora lakini bei yake inauma. Chuma cha kawaida kilichosuguliwa vizuri kinatosha, mradi uwe unakagua kutu.

Vijiti vya kusimamia visiwe vyote sawa na mpini wa fagio. Unene ukiwa mmoja siku zote, nyayo huota vidonda. Kata matawi ya mpera, manene na membamba, yasiyopigwa dawa, yasugue kwa maji na brashi, yaanike juani. Akiyatafuna yakaisha, kata mengine. Kutafuna ndiyo kazi yake.

Liweke tundu sebuleni mahali ambapo upande mmoja unagusa ukuta, ili apate mgongo wa kuegemea. Katikati ya chumba atakuwa anaangalia nyuma siku nzima. Asipigwe na jua moja kwa moja bila kivuli cha kukimbilia.

Hatua ya tatu: hewa ya nyumba

Hapa ndipo watu wa pwani tunapokosea zaidi, na hatua hii ndiyo ningependa uisome mara mbili. Mapafu ya ndege hayafanani na yetu. Hewa hupita moja kwa moja na kuingia kwenye mifuko mwilini, kwa hiyo moshi ambao wewe unakuwasha koo tu, yeye unaweza kumuua.

Kikaango kile cheusi kisichogandisha chakula kikisahauliwa motoni hadi kikachomeka hutoa hewa isiyo na harufu kali, na ndege aliye chumba cha pili hufa kwa dakika chache. Mimi nilivitoa vyote nikarudi kwenye sufuria za kawaida. Jiko la makaa lisiwashwe ndani. Dawa ya kupulizia mende, usithubutu. Dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya mzunguko, pia hapana: badala yake nimewashonea chandarua kinachofunika tundu zima usiku, na mbu wamekoma.

Kisha kuna udi na ubani. Nyumba ya Mswahili bila udi siku ya Ijumaa ni nyumba gani? Nilijaribu kuchukua njia ya katikati, nikawa nafukiza chumbani huku mlango umefungwa, lakini Kidawa alipiga chafya hadi jioni. Siku hizi nguo nazifukiza barazani, upepo ukielekea kwa jirani. Jirani ameshalalamika, lakini yeye hana kasuku.

Ongeza na pangaboi. Ndege akiwa nje ya tundu, lizimwe na litulie kabisa. Madirisha yawe na wavu, maana huku kwetu kunguru hawana adabu na paka wa mtaa wana subira kuliko wewe.

Hatua ya nne: wiki za mwanzo

Kama una ndege mwingine, mgeni akae chumba tofauti siku 45, na vyombo vyake vioshwe mwisho. Katika siku hizo mpeleke kwa daktari. Madaktari wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe na kuku, basi uliza kwa simu kwanza kama yuko anayeshika kasuku.

Maradhi ya kuhofia ni psitakosi, ambayo huambukiza binadamu kwa vumbi la kinyesi kilichokauka. Kwa mtu hufanana na mafua mazito au nimonia: homa, kichwa, kikohozi kikavu. Hutibika kwa antibayotiki, lakini daktari hataifikiria usipomwambia kwamba nyumbani kuna ndege. Kila siku badilisha gazeti la chini ya tundu, na lirushie maji kwanza ili vumbi lisipae. Kasuku wa kijivu hutoa pia unga mweupe kutoka manyoyani, unauona juu ya televisheni kama vumbi la chaki. Kwenye nyumba yenye mtu wa pumu, fikiria upya kabla hujamchukua.

Juma la kwanza usibadilishe chochote. Chakula kiwe kile kile alichokuwa akila, hata kama ni kibaya. Kama alikuja na kikombe chake kikuukuu, kiacheni. Watoto wa mtaa wasiletwe kumtazama. Alale gizani kwa muda wa saa 10 hadi 12, na kama sebuleni kuna tamthilia hadi saa tano usiku, mpe tundu dogo la kulalia chumba kingine.

Hatua ya tano: kumwachisha alizeti

Karibu kila kasuku anayeokolewa huja akila mbegu za alizeti na karanga basi. Ni sawa na mtoto aliyelelewa kwa bisi. Mbegu hizo zina mafuta mengi na hazina vitamini A wala kalsiamu ya kutosha, na kasuku wa kijivu ndiye anayeongoza kwa kuanguka kifafa kwa upungufu wa kalsiamu. Karanga zina hatari ya ziada. Zikishika ukungu huwa na sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Yenye doa au harufu ya uvundo, tupa.

Chungu chetu ni hiki. Chemsha kunde, choroko au maharagwe mpaka yaive kabisa (maharagwe mabichi ni sumu), bila chumvi. Changanya na mtama au mchele wa kahawia uliopikwa. Katakata sukuma wiki, karoti, boga, na kiazi kitamu cha rangi ya chungwa kilichochemshwa. Tia pilipili nzima ukipenda. Kasuku hasikii ukali wake, atakula kama kichaa huku akikutazama. Juu yake nadondosha tone moja la mawese mekundu. Huko msituni hawa ni walaji wakubwa wa machikichi, na wekundu ule wa mawese ndio chanzo cha vitamini A. Mchicha nawapa mara moja moja tu, kwa kuwa una asidi inayoishika kalsiamu isitumike mwilini. Napika cha wiki nzima, nagandisha kwenye vibati vya barafu, kila asubuhi natoa vipande viwili. Kwa joto la Mombasa bakuli likikaa zaidi ya saa mbili tatu, liondoe.

Namna ya kumbadilisha: chungu hiki mpe asubuhi akiwa na njaa, mbegu zake mpe jioni, na kila baada ya siku chache zipunguze kidogo. Kula mbele yake. Chukua kipande cha karoti, kitafune kwa mbwembwe, jifanye humtaki. Shaibu alikubali wiki ya tatu. Kidawa alitupa bakuli chini miezi miwili mizima, kisha siku moja akala boga kana kwamba amezaliwa nalo. Usimshindishe njaa kumlazimisha. Ndege anaweza kufa karibu na bakuli la chakula asichokitambua.

Parachichi ni mwiko kabisa, nyama yake, ganda na kokwa. Halikadhalika chokoleti, kahawa, chai, pombe, kitunguu, chumvi, mhogo mbichi na mbegu za tufaha. Maganda ya yai yaliyochemshwa na kusagwa ni mazuri. Jua la asubuhi nusu saa, nje kwenye tundu lenye kivuli upande mmoja, humsaidia kuitumia kalsiamu hiyo. Jua la kupitia kioo halifanyi kazi.

Hatua ya sita: mkono wako

Keti karibu na tundu na shughuli zako, ukichambua mchele au ukisoma, bila kumkodolea macho. Anayekodoa macho ni mwindaji. Baada ya siku kadhaa, weka korosho moja kwenye bakuli kila unapopita. Kisha mpe mkononi, kupitia fito. Kisha leta kijiti chembamba: akikigusa kwa mdomo, mpe zawadi. Dakika tano, mara mbili kwa siku, inatosha. Kwa kijiti hicho utamwongoza aende mahali, aingie tundu, na mwisho apande mkononi bila kukamatwa. Neno letu ni "panda", nalo husemwa mara moja tu.

Akijivuta nyuma, rudi nyuma nawe. Mboni zikipanuka na kusinyaa haraka, manyoya ya shingo yamesimama, mwili umeinama mbele, huo si wakati wa mkono. Akikuuma, usipige kelele wala usimpige mdomo. Ukelele wako kwake ni ngoma, atauomba tena kesho. Mweke chini polepole uondoke. Na ukimkuna, ishia kichwani na shingoni. Kumpapasa mgongo na chini ya mkia humwamsha kama aliyepata mwenzi, na hasira zinazofuata utazijua.

Shaibu alikuwa akiona fagio anajigonga kwenye fito. Hatukuambiwa lolote, lakini mtu huweza kukisia. Tulilitoa fagio ndani, tukawa tunapangusa kwa kitambaa, kisha tukalirudisha kidogo kidogo: mwezi wa kwanza likiwa ukumbini, wa pili mlangoni. Leo nafagia upande wa pili wa sebule naye ananiangalia tu, amekaza shingo.

Kelele za alfajiri na magharibi ni za kawaida, ndivyo makundi yanavyoitana. Mjibu kwa mluzi mmoja ule ule akujue uko wapi, maana anayekosa jibu ndiye anayepiga mayowe. Kumfunika kwa shuka kama adhabu hakumfundishi kitu.

Na watu wakisema mtoto "anakariri kama kasuku," mimi hushangaa kidogo. Alex, kasuku wa kijivu aliyekufa mwaka 2007 akiwa na miaka 31, na aliyefundishwa na mwanasayansi Irene Pepperberg wa Marekani, alitaja rangi, maumbo na idadi hadi sita. Akili ya namna hiyo ikifungiwa na kioo na kengele moja itajila yenyewe.

Hatua ya saba: kifua kitupu

Kidawa alikuja kifua kikiwa kama kuku aliyechinjwa. Kwanza tazama kichwa. Kama kichwa kina manyoya mazima na mwili uko wazi, anajinyonyoa mwenyewe, kwa sababu kichwani mdomo wake haufiki. Kama na kichwani yamepukutika, fikiria ugonjwa wa manyoya na mdomo, unaotokana na virusi, au mwenzake anayemnyonyoa. Vyote viwili daktari aone.

Anayejinyonyoa anaweza kuwa na ini bovu, vimelea, ngozi kavu, au uchovu wa kukaa bure. Tulianza na daktari, tukafuata chakula, kisha tukampa kazi. Vifuu vya nazi vilivyotobolewa na kufichwa korosho. Dodoki kavu. Magunzi na maganda ya mahindi. Mikoba midogo ya ukili ambayo mama mkwe aliisuka akilalamika kwamba ndege anapata mikoba mizuri kuliko yeye. Vyote vinararuliwa siku hiyo hiyo, na ndivyo inavyotakiwa. Kamba zenye nyuzi zilizochanika ondoa, zinanasa vidole. Kila asubuhi anarushiwa maji kwa chupa ya kunyunyizia, kama mvua nyepesi.

Mwezi wa tano yaliota manyoya meupe ya chini. Alipoogopa baruti za sikukuu, aliyang'oa yote kwa usiku mmoja. Tukaanza upya. Sehemu moja chini ya shingo imebaki wazi na nadhani itabaki hivyo. Ngozi iliyonyofolewa miaka mingi huenda isiote manyoya tena.

Hatua ya nane: mizani na gazeti

Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu, fungia kijiti juu yake, na mfundishe kupanda. Mpime asubuhi kabla hajala, uandike kwenye daftari. Kasuku wa kijivu wengi wako kati ya gramu 400 na 550. Shaibu ana 470. Akipungua asilimia 10, kwake gramu 47, sisubiri kesho. Ndege huficha ugonjwa hadi asipoweza tena, na manyoya huficha kukonda, kwa hiyo mizani hujua kabla ya jicho.

Kinyesi kizuri kina sehemu tatu: kijani, nyeupe, na maji kidogo. Papai au viazisukari vyekundu hubadilisha rangi kwa siku moja, usishtuke. Sehemu nyeupe ikiwa ya njano au kijani kibichi, shtuka. Vilevile akiwa amejitutumua mchana, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi, au amekaa sakafuni mwa tundu.

Hatua ya tisa: karatasi

Kasuku wa kijivu aliyetunzwa anaweza kuishi miaka 40 hadi 60. Mimi nina 52. Hesabu ni rahisi. Shaibu mwenyewe alifika kwetu kwa sababu babu yule hakuacha maagizo, na kwa wiki tatu alilishwa mkate na chai ya maziwa.

Kwa hiyo nimemwomba binti ya dada yangu, ambaye Kidawa humkubali, awarithi, na nimemwandikia karatasi moja inayokaa pamoja na kibali: namba ya daktari, uzito wa kila mmoja, chungu kinavyopikwa, neno "panda", mluzi wetu, habari ya fagio. Mstari wa mwisho unasema kwamba kikohozi cha usiku si ugonjwa, amwache mzee amalize.